Uso wa Bati

Katika mji ule mtu hakuzaliwa na uso akaenda nao mpaka kaburini, kama wewe na mimi. Uso ulichorwa. Kila mwaka, masika yakikaribia, ilifika Siku ya Makaa: kuta za nje zilipakwa chokaa, watoto wakagawiwa vipande vya mkaa, na kila mtoto akamchora mzazi wake ukutani, kando ya mlango. Mzazi akilala, huamka na uso ule uliochorwa, na ndio huo atakaoutumia kulia, kucheka na kuwanunia watu mpaka makaa ya mwaka mwingine. Usiniulize inawezekanaje. Wenyewe hawakujiuliza, kama wewe usivyojiuliza kucha zako zinaota saa ngapi.

Zamani watoto walichora walivyoona. Zamani hiyo ilikuwa lini, hakuna anayejua, maana mji ule ulikuwa na jana moja tu, kubwa, ambamo mambo yote yaliyopita yalirundikwa. Katika jana hiyo mtoto mmoja aliyewapenda kuku kuliko watu alimchora bibi yake na mdomo wa kuku. Bibi alidonoa wali mwaka mzima, na wanaomkumbuka wanasema hakulalamika hata siku moja. Lakini Ofisi ya Mistari ilishtuka. Ilisema uwezo mkubwa namna hiyo hauwezi kuachwa mikononi mwa watu ambao bado wanakosea kufunga vifungo vya shati. Ikakata kiolezo cha bati: macho mawili yaliyo sawa, pua iliyonyooka, mdomo uliofungwa. Mtoto anakibandika ukutani, anapitisha mkaa kwenye matundu, kazi imekwisha. Mdomo wa kuku haukuonekana tena. Na ukitazama vizuri, mtu naye hakuonekana tena.

Balaa lilianzia kwenye salamu. Nyuso zote zilikuwa na umri mmoja, na umri huo haukuwa wa mtu yeyote. Watu wawili wakikutana njiani walisimama wakitegeana, kila mmoja akimngoja mwenzake aanze, au walisema shikamoo kwa pamoja kisha wote wakaona haya. Vikongwe waliwaamkia wajukuu zao. Wajukuu wakaitikia, wakazoea, wakavimba kichwa. Mwishowe wengi waliacha kabisa kusalimiana, wakawa wanapishana wakitazama viatu, kwa sababu viatu angalau vilitofautiana.

Na yupo Bwana Ngwali. Huyu aliondoka nyumbani kwake kwenda kununua kiberiti, na katika kurudi akaingia nyumba ya tatu kutoka kwake. Mwanamke wa pale aliuona uso ni uleule, akapakua chakula. Mume halali wa nyumba ile naye alishapotelea kwingine siku nyingi. Ngwali alikula, akanawa, akalala, akakaa. Mkewe Siwema alimngojea mpaka akachoka kungoja, na binti yao Mize akakua akipishana na baba yake kisimani bila kujua. Kosa kama hilo haliwezi kutokea mahali pengine, na pale hata jina la kosa halikupewa.

Mwalimu wa kuchora katika mji huo aliitwa Mwatumu. Kazi yake ilikuwa kugawa mabati na kuwafundisha watoto kutotikisika mkono. Alisifiwa sana, kwa sababu darasa lake halikuwahi kutoa mstari uliopinda. Mwenyewe hakuwa na mtoto, hivyo ukuta wake ulichorwa na Ofisi. Aliishi akiwa na uso wa bati, akifundisha bati, na pengine angeendelea hivyo mpaka mwisho kama si Mize, binti mwembamba wa dawati la mbele, ambaye asubuhi moja aliinua mkono akiwa amekikumbatia kiolezo chake.

"Mwalimu, nina swali, ila usinikasirikie."

"Uliza, mwanangu. Hasira nitaitafuta baadaye."

"Nyumbani tuna mama na mama mdogo. Kila alfajiri kuna mtu ananifunika shuka. Nikifumbua macho naona uso, lakini uso ule wanao wote wawili. Sasa nikichora kwa bati hili, nitakuwa nimemchora nani?"

 Maneno yalimjia Mwatumu ndani kwa ndani, vipande vipande.

Nani. Mimi nafundisha mistari, mtoto ananiuliza nani. Tangu lini nafundisha? Jana nilikaa dawati lile lile, nimeshika bati, mwalimu ananiambia usitikisike. Leo mimi ndiye ninayesema usitikisike. Katikati palipita nini? Kama ni miaka, ilipita wapi hata isinikanyage? Sina mkunjo hata mmoja. Na uso ni wa nani hasa? Wangu sijauona bila ndoo ya maji. Kila mtu anauona isipokuwa mimi niliyeuvaa. Basi uso wangu wanao wengine. Wamewekewa wanitunzie. Na wa kwao ninao mimi, na amana hiyo nimekuwa nikiitoboa kwa bati.

"Leteni mabati yote hapa," alisema.

"Tumekosa, Mwalimu?"

"Nyinyi hamjakosa. Leteni."

Aliyabeba mpaka kwenye banda la kuku la shule, ambalo paa lake lilikuwa limeoza, akayagongelea misumari moja baada ya jingine. Alipiga nyundo kama mtu anayepika, bila haraka na bila kupumzika. Kuku waliinua vichwa, wakaiona mbingu kupitia macho mawili yaliyo sawa, wakaendelea kuchakura. Watoto walimtazama, maana hawakuwahi kumwona mtu mzima akiamua jambo.

"Sasa tutachora kwa nini?" Mize aliuliza.

"Kwa chochote alichokigusa mama yako."

Kesho yake darasa liligeuka jalala. Walileta masizi ya sufuria, makumbi ya nazi, manjano ya kusaga, maganda ya mayai, pindo la kanga iliyochakaa, nyuzi za katani, maua ya choya yaliyochemshwa hadi yakawa mekundu kama damu. Mmoja alileta kitana kilichovunjika meno. Mwingine alileta tope la mahali mama yake anapofulia, amelifunga kwenye jani la mgomba, linavuja hadi magotini. Mmoja alileta kiatu cha kushoto cha mama yake, na huyo alirudishwa nyumbani mbio kabla hajasakwa.

Mwatumu hakujua namna ya kuvitumia vitu hivyo. Nani angemfundisha? Alijifunza mbele yao. Alikoroga gundi ya unga wa muhogo, ikawa maji. Akakoroga tena, ikawa ugali, watoto wakacheka mpaka wakalala chini. Mara ya tatu ilishika. Wakagundua pamoja kwamba kumbi la nazi ukiliponda ncha linakuwa brashi. Kwamba masizi yakichanganywa na ute wa yai hayatiririki. Kwamba manjano hupakwa mwanzo na masizi mwisho, kwani manjano ukikosea unaweza kuyafunika, lakini masizi yakishakaa yamekaa. Palikuwa na uvundo, palikuwa na nzi, na mikono ya mwalimu ilitoka rangi ambayo haikuwa na jina. Kwa mara ya kwanza aliona raha ya kutojua.

Lakini siku ile hakumruhusu mtu kuchora. "Nendeni nyumbani mkatazame," aliwaambia.

"Tutazame mpaka lini?"

"Mpaka anayetazamwa achoke. Halafu mtazame kidogo tena."

Mize alikwenda akakaa mbele ya wanawake wawili waliokuwa wakichagua mchele, nyuso mbili za bati zimeinamia ungo mmoja. Alitazama. Mmoja akasema, "Mbona unanikodolea macho hivyo?"

"Mwalimu amesema."

"Mwalimu amesema unimalize?"

Akaendelea kutazama. Mmoja hupumua kwanza kabla hajacheka, kama anayeomba ruhusa. Kichwa chake kimelalia kushoto, upande anaobebea ndoo. Na alfajiri, shuka liliposogea, Mize hakuutazama uso. Aliutazama mkono. Kwenye kidole gumba kulikuwa na kovu la moto. Asubuhi aliwashika mikono wote wawili, wao wakidhani anacheza, na yule mwenye kovu ndiye aliyekuwa na kichwa kilicholalia kushoto. Mize alikwenda nyuma ya nyumba akalia kwa furaha, kwa sababu alikuwa amempata mama yake na hakuwa amemwambia mtu.

Habari zilifika Ofisini. Bwana Msimamizi wa Mistari alikuja mwenyewe, mtu aliyejulikana kwa kofia, maana uso wake ulikuwa uso wa wote. Alilizunguka banda la kuku, akainama, akasimama.

"Mwalimu, hivi unajua mtoto akikosea, nani anaamka na kosa?"

"Najua. Mama yake."

"Na bado."

"Na bado, Bwana Msimamizi. Hivi sasa wanaamka na la kwako."

Msimamizi aliishusha kofia yake. Hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lijulikane. Alikuwa mtu aliyeogopa mdomo wa kuku. "Nakupa ukuta mmoja," alisema mwishowe. "Ukuta wa huyo binti aliyeuliza swali. Mama yake akiamka ameharibika, nakufuta."

Kufutwa kulikuwa hivi: kitambaa kilichochovywa maji ya chumvi kinapitishwa juu ya picha ya mtu, na ukuta wa nyumba yake hauchorwi tena na yeyote. Huyo mtu huamka hana jicho, hana pua, hana mdomo. Anaishi, lakini hana pa kupokelea salamu.

"Na akiamka ni yeye mwenyewe?" aliuliza Mwatumu.

"Ni yeye mwenyewe," alirudia Msimamizi, na kicheko kikamgonga nyuma ya mdomo usiofunguka. "Nani atajua?"

Siku ya Makaa Mize alichora kuanzia jua linapochomoza. Mama yake Siwema alikaa ndani, mlango umefungwa, akiwasikia watu wakijaa uani. Alikuwa amekubali kwa neno moja tu, "Haya." Mize alipaka manjano kwenye mashavu. Alibandika maganda ya mayai kwenye paji la uso, akayabonyeza kwa kidole hadi yakapasuka mistari mistari. Akachovya kumbi kwenye masizi, akachora jicho la kulia, kisha la kushoto, na la kushoto likatoka kubwa. Watu waliguna.

Mwatumu alisimama nyuma yake, ameikamata mikono yake mwenyewe mgongoni. Jicho lile lilimuuma. Mistari yote aliyowahi kuinyoosha ilimsukuma mbele: msaidie, punguza hapa, ongeza hapa, okoa uso wako. Kwa sababu kilichokuwa kinachorwa pale kilikuwa pia uso wake yeye, na alijua. Hakusogea. Mtu hawezi kumwambia mtoto atazame kisha akamnyang'anya alichokiona.

"Nimemaliza," alisema Mize.

"Una hakika?"

"Ndiyo. Lile jicho ndilo analolala nalo wazi nikiumwa."

Asubuhi Siwema alitoka. Uani palikuwa na watu wa kutosha kuanzisha soko. Jicho la kushoto lilikuwa kubwa kuliko la kulia. Paji la uso lilikuwa na mikunjo, midomo ilipinda kama ya mtu anayetaka kucheka ila anaomba ruhusa kwanza. Aliinama juu ya ndoo ya maji akajiona, akabaki ameinama.

"Nimechoka kiasi hiki?" alisema. Machozi yakadondokea ndoo, akajiona akivurugika.

Msimamizi aliwageukia watu. "Mmeona wenyewe. Macho hayalingani. Ameharibika."

Wengi waliitikia kwa vichwa. Yawezekana wote wangeitikia, ila njiani alikuwa anapita mtu na jembe begani, anakwenda shambani, na mtu huyo alisimama. Aliutazama uso ule wa manjano na mikunjo. Jembe likashuka begani.

"Siwema," alisema.

 Katika mji ule hakuna mtu aliyekuwa ameitwa jina lake kwa kuonekana tu tangu ile jana kubwa. Ngwali alipapasa mfuko wa shati akatoa kiberiti, kimelowa jasho na kukauka mara nyingi hadi picha yake imefutika.

"Nilikipata," alisema. "Nadhani nilichelewa kidogo."

"Kidogo," alisema Siwema. Alimtazama kwa lile jicho kubwa, na kwa lile dogo. Alikuwa na hasira, na furaha, na sasa alikuwa na mahali pa kuviweka vyote viwili. "Ingia ndani. Uji unapoa."

Mwanamke wa nyumba ya tatu alisimama mlangoni kwake na mwiko mkononi. Alikuwa amempoteza mtu ambaye hakuwa wake, na uso wake wa bati haukuweza hata kulionyesha jambo hilo.  Kisha alimshika mwanawe bega. "Kuanzia kesho unakwenda kwa Mwalimu Mwatumu," alimwambia. "Nenda ukajifunze kunitazama."

Msimamizi alikuwa amekwisha toa kitambaa. Alikikunja, akakikunjua, lakini aliyekwisha sema mbele ya watu hana njia ya kurudi. "Tuliahidiana kuhusu kuharibika," alisema. "Kipimo cha kuharibika ni macho kutolingana. Sina kipimo kingine."

"Futa," alisema Mwatumu. "Ila ufute upesi. Kesho nina kipindi."

Akafuta. Mwatumu alilala, akaamka hana kitu.

Sitakudanganya kwamba hakuogopa. Palipokuwa na macho palikuwa laini kama yai la kuchemsha. Hakuona, na kilio kilimpanda kikakosa pa kutokea, kikarudi kifuani kikakaa huko. Alijiuliza kama bado yupo. Kisha akajiuliza nani huyo anayejiuliza, na jibu likamtosha kumfanya avae viatu. Alitoka akishika kuta, nyumba moja hadi nyingine, chokaa ikimshika viganjani, na hivyo akafika shule. Aliposikia watoto wamenyamaza alijua amefika. Alitafuta kiti kwa mguu, akakivuta katikati ya darasa, akakaa akiwaelekea.

Hakuwa na mdomo wa kuwaambia lolote. Akangoja.

"Amekuja kufanya nini?" alinong'ona mmoja.

"Amekuja kufundisha," alisema Mize. "Anataka tutazame."

Walitazama. Waliutazama mkao wake, namna bega moja linavyotangulia. Waliitazama mikono, ambayo Ofisi haikuwahi kukumbuka kuitolea kiolezo, na ambayo kwa hiyo ilikuwa imeishi miaka yake yote.

"Mwalimu ni mzee," alisema mtoto.

"Si mzee."

"Tazama mikono."

Walitazama. Wakakubali. Wakaleta masizi, na nyuzi, na maganda, na choya, wakauendea ukuta wa darasa. Haukuwa ukuta wa nyumba yake, na kuhusu ukuta wa darasa hakuna mtu wa Ofisi aliyewahi kufikiri. Waligombana sana. Wengine walitaka nywele za katani, wengine za majivu. Yule aliyeleta kiatu aling'ang'ania kuchora sikio, akalichora kubwa kama sahani. Walipomwambia lipunguze alisema, "Ndivyo anavyosikiliza," na wakamwacha amalize. Mwatumu alikaa akisikia tu mikwaruzo, hakuomba kitu.

Asubuhi iliyofuata alisikia kabla hajaona. Sikio lilitangulia. Lilisikia mji wote: makumbi yakikwaruza chokaa, masizi yakisagwa, mtoto akisema geuka kidogo mama, mama akisema jicho langu ndivyo lilivyo kweli, nyumba hadi nyumba, mpaka upande wa Ofisi, ambako mtu mmoja peke yake, kwa sauti ya chini, alikuwa akimuuliza mtoto wa jirani kama anaweza kumchora mtu asiye na mtoto. Kisha macho yakafunguka. Akapeleka vidole usoni. Mikunjo. Iko mingi, mingine imepindana na mingine. Miaka yote ilikuwa pale, ile aliyokuwa msichana wa dawati la mbele, na ile iliyofuata, na ile aliyodhani haikupita. Iliingia kwa pamoja. Aliona uchungu, uchungu wa kweli kabisa, maana alikuwa amezeeka na hakuna aliyemwambia. Alikaa ukingoni mwa kitanda mpaka uchungu huo ukapata mahali pake usoni, kisha akainuka, akachukua ndoo ya masizi, akatoka.

Hakutafuta maji ya kujitazamia.

Njiani alikutana na mtoto asiyemfahamu, amekumbatia mfuko wa maganda ya mayai, anakwenda shule. Ni yule wa nyumba ya tatu. Mtoto aliinua macho, akamwona. Hakutazama viatu. Hakusimama kungoja nani aanze.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mwatumu alifungua mdomo wake, ambao maisha yake yote ulikuwa umechorwa umefungwa.

"Marahaba," alisema.